Udongo Uliochanganywa na Udongo Uliobishaniwa: Uhakiki wa Video za Mashindano ya Wanafunzi kuhusu Kuzaliwa kwa Taifa katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki video fupi zinazoandaliwa na wanafunzi wa shule za sekondari kwa ajili ya mashindano yanayohusu historia ya kuzaliwa kwa taifa la Tanzania. Uhakiki umejikita katika video mbili ambazo mwandishi alishiriki kuziandaa akiwa mwalimu, moja wilayani Ngara na nyingine wilayani Biharamulo. Hoja ya msingi ni kwamba video hizo zimerithi umbo la ngonjera za shule, na kwa sababu hiyo hufika kwenye jibu kabla ya swali kuulizwa. Makala yanaonesha kuwa historia ya maeneo hayo mawili, hususan suala la Bugufi na boma la Biharamulo, ni sehemu ya historia ya kuzaliwa kwa taifa lenyewe, na kwamba kuiacha kunadhoofisha kazi hizi kisanaa na kimaarifa.

1.0 Utangulizi

Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ya Oktoba 14, sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9 na ile ya Muungano ya Aprili 26 zimekuwa kwa muda mrefu chemchemi ya sanaa za maonyesho shuleni. Kwaya, ngonjera, mashairi na maigizo yanayotungwa kwa ajili ya siku hizo yamewafundisha Watanzania wengi historia ya nchi yao kabla hawajafungua kitabu cha kiada. Katika miaka ya karibuni simu yenye kamera imeingia katika uwanja huu. Kazi ambayo zamani ilioneshwa mara moja mbele ya mgeni rasmi na kupotea, sasa hurekodiwa, huhaririwa, hushindanishwa na kusambazwa. Aidha, kuanza kutekelezwa kwa mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, ulioleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kumezipa kazi za aina hii uzito mpya.

Pamoja na hayo, wahakiki wa fasihi na sanaa za maonyesho za Kiswahili hawajazipa video za wanafunzi nafasi inayostahili. Pengine ni kwa sababu zinaonekana kuwa kazi za watoto, au kwa sababu maudhui yake yanajulikana kabla hata hazijatazamwa. Makala haya yanashikilia kuwa sababu hiyo ya pili ndiyo inayotulazimu kuzihakiki. Kazi ambayo mtazamaji anaijua mwisho wake kabla ya kuanza inatudai tuulize ni nani aliyeuamua mwisho huo, na ni kitu gani kilichoachwa njiani ili ufikiwe.

Ni vema kueleza mapema nafasi ya mwandishi. Nilikuwa mwalimu mlezi wa vikundi vyote viwili, hivyo sehemu ya udhaifu unaohakikiwa hapa ni wangu mwenyewe. Majina ya shule, ya wanafunzi na ya wazee waliohojiwa hayatajwi. Video mbili hazitoshi kuzisemea shule zote za mkoa wa Kagera. Zinatosha, hata hivyo, kuonesha jinsi umbo la mashindano linavyofanya kazi ndani ya andiko.

2.0 Kutoka Ngonjera hadi Video

Video ya mashindano haikuzaliwa na simu. Mzazi wake ni ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye anayehusishwa zaidi na kuasisiwa kwa utanzu huo katika umbo lake la kisasa, na diwani zake za Ngonjera za UKUTA zilichapishwa baada ya kifo chake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera ilikuwa chombo cha kuufikisha ujumbe wa Ujamaa na Kujitegemea kwa wananchi, na shule zikawa makao yake makuu.

Kimuundo, ngonjera ni majibizano. Upande mmoja haujui au unapinga, upande wa pili unajua, na mwishoni asiyejua anakubali. Majibizano hayo yana mvuto wake, lakini matokeo yake hayana shaka tangu ubeti wa kwanza. Anayepinga yupo ili ashindwe. Kwa kazi ya uhamasishaji umbo hili lina manufaa. Linapobebeshwa kazi ya kuchunguza historia linakwama, kwa kuwa uchunguzi huanzia mahali ambapo hata anayeuliza hajui atakapofikia.

Fasihi yetu ina mfano mwingine. Katika tamthiliya ya Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anaichukua Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907 na kuiacha na mgogoro usiofungwa. Kinjeketile anajua kwamba imani iliyowaunganisha watu imegeuka kuwa hatari kwao, na hata hivyo mwishoni hayuko tayari kuikana mbele ya mkoloni. Msomaji anabaki na swali zito kuhusu uhusiano wa ukweli na umoja. Vizazi vya wanafunzi vimeisoma tamthiliya hii katika somo la Kiswahili. Inashangaza basi kwamba wanafunzi hao hao wanapopewa kamera hurudi kwenye ngonjera. Makala haya yanaliona tatizo katika kipimo cha mashindano kuliko katika uwezo wa wanafunzi.

3.0 Msuko wa Video Mbili

Video ya kwanza iliandaliwa wilayani Ngara mwaka 2021, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 60 ya Uhuru. Ina urefu wa dakika 5 na msuko wake ni sahili. Inaanza na bendera, kisha msimulizi anataja kuundwa kwa TANU Julai 7, 1954, Uhuru wa Desemba 9, 1961, Mwenge kuwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro, Jamhuri ya mwaka 1962, Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, na hatimaye Muungano. Tukio la kilele linawaonesha wanafunzi wawili wakimimina udongo kutoka katika vibuyu viwili na kuuchanganya katika chungu kimoja, huku kwaya ikiimba kwa nyuma. Watazamaji walipiga makofi hapo, na majaji walilisifu tukio hilo.

Udongo wote ulichimbwa katika shimo moja nyuma ya darasa. Kwa sanaa ya maonyesho hilo si kosa, kwani kitu jukwaani husimama badala ya kingine. Hata hivyo, shule hiyo iko upande wa Bugufi, na udongo wa Bugufi una historia yake katika kuundwa kwa nchi hii. Kitu kilichokuwa mikononi mwa wanafunzi kilikuwa ushahidi wa kihistoria, nasi tulikitumia kama kifaa cha maigizo tu.

Video ya pili iliandaliwa Biharamulo mwaka 2023. Wanafunzi walichagua kurekodi katika boma la Wajerumani, jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 ambalo lingali limesimama mjini hapo. Kuta nene na matao yake yanaipa video hiyo mandhari ambayo shule nyingi zingeitamani. Ndani ya mandhari hayo, mwanafunzi aliyevaa kofia ya kikoloni anawachapa wenzake viboko, kisha msimulizi anaeleza Vita ya Maji Maji. Vita hiyo ilipiganwa kusini na mashariki mwa koloni, wala haikufika Biharamulo. Jengo halisi lenye historia yake lilifanywa pazia la kusimulia historia ya mahali pengine. Hakuna neno hata moja juu ya Rusubi, utawala uliokuwapo eneo hilo kabla ya boma, ambao mtawala wake Kasusura alifahamika mwishoni mwa karne ya 19. Wala hakuna neno juu ya mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoliteka eneo hilo kutoka kwa Wajerumani kabla ya kuwa chini ya Waingereza. Ukuta ulioshuhudia tawala tatu za kikoloni ulitumika kuonesha moja, tena kwa tukio lisilotokea hapo.

Kwa hiyo video zote mbili zina sifa moja. Mahali zilipotengenezwa panaonekana katika kila picha lakini hapazungumzi. Mtazamaji anaona vilima vya Ngara, migomba, ukungu wa asubuhi na barabara nyekundu, huku sauti ikimweleza mambo ya Dar es Salaam, Kilimanjaro na Unguja. Picha na sauti zinapishana, na hakuna katika andiko anayetambua kwamba zimepishana.

4.0 Suala la Bugufi kama Historia ya Taifa

Yawezekana msomaji akauliza kama suala la Bugufi ni historia ya kuzaliwa kwa taifa au ni habari ya wilaya moja tu. Jibu linahitaji maelezo mafupi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji ziligawana koloni la Wajerumani kwa makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919. Mpaka huo ulirekebishwa baadaye na Gisaka ikarejeshwa Rwanda, lakini Bugufi, iliyokuwa na uhusiano wa kihistoria na ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Tanganyika na Ruanda-Urundi zote ziliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ujumbe wa Baraza hilo ulipozuru Afrika Mashariki mwaka 1948, Mwami Mwambutsa wa Urundi alidai Bugufi irejeshwe. Madai hayo hayakubadili mpaka.

Baraza hilohilo ndilo ambalo Julius Nyerere alihutubia jijini New York mwezi Machi 1955, akidai kwamba Tanganyika ielekee kujitawala. Katika video ya Ngara tukio la mwaka 1955 limetajwa, tena kwa fahari. Lakini Nyerere alikwenda mbele ya Baraza lile kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na udhamini uleule ndio uliompa Mwambutsa jukwaa la kuidai Bugufi miaka saba kabla. Mambo haya mawili yanatokana na mfumo mmoja wa kisheria. Mwanafunzi wa Bugufi anayeelewa la kwanza bila la pili amepewa nusu ya maelezo, na nusu aliyonyimwa ndiyo inayomhusu yeye.

Suala hili lina mwendelezo. Mwezi Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana Cairo na kuazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, azimio ambalo Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolisimamia. Mwaka mmoja, basi, ulibeba mambo mawili ambayo yanapaswa kusomwa pamoja: kuunganisha nchi mbili kwa hiari mwezi Aprili, na kukubali mipaka iliyochorwa na wakoloni mwezi Julai. Video ya wanafunzi wa Ngara ingeweza kuuliza inakuwaje taifa moja linafuta mpaka baharini na kuulinda mpaka nchi kavu. Hilo ni swali la Watanzania wote, na ni vigumu kulikwepa mtu akiishi karibu na Rusumo.

Hapa ni lazima nikiri jambo. Mwanafunzi mmoja katika kikundi cha Ngara alikuja na mazungumzo aliyoyarekodi nyumbani kwa simu. Babu yake, aliyekuwa kijana mdogo mwishoni mwa miaka ya 1940, alieleza jinsi wazee walivyokuwa wakijadiliana, hasa walipokutana kwenye kahawa, kama nchi yao ingerudishwa kwa Mwami au ingebaki ilipo. Aliona fahari kwamba hatimaye ilibaki, lakini hakuficha kuwa wapo waliotamani vinginevyo. Sehemu hiyo ilikuwa na urefu wa dakika moja na nusu hivi. Niliiondoa. Nilimweleza mwanafunzi kuwa muda hautoshi. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba niliogopa majaji wangeuliza kwa nini tunaleta habari za Burundi katika sherehe ya Uhuru. Mzee yule alifariki mwaka uliofuata, na faili lilikuwa limekwishafutwa ili simu ipate nafasi. Kwa mtafiti wa historia simulizi, hasara hiyo haina fidia. Kwa mhakiki, ni ushahidi kwamba mashindano huhariri kazi hata kabla jaji hajaiona.

5.0 Hoja za Upinzani

Zipo hoja tatu zinazoweza kutolewa dhidi ya mtazamo huu, na zote zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya muda. Dakika 5 hazitoshi kwa mambo mengi. Hilo ni kweli, lakini ndilo linalotia shaka msuko wa sasa, unaojaribu kubeba matukio makuu saba au manane na kuyagusa yote juujuu. Tukio moja lililochunguzwa vizuri hukaa ndani ya dakika 5 kuliko orodha nzima ya tarehe.

Hoja ya pili ni ya usalama na umoja, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Ngara si mahali pa kuchezea habari za asili na mipaka. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa duniani. Wazazi wengi wa wanafunzi wa leo waliyaona hayo kwa macho yao, nao wanajua pia jinsi historia ya asili za watu ilivyotumiwa ng'ambo ya mto kuhalalisha mauaji. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga iliendeshwa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita dhidi ya wahamiaji haramu, na suala la nani ni raia likawa la kila siku katika vijiji vya mpakani. Mwalimu anayesita kuruhusu habari za Mwami wa Urundi katika video ya shule hasiti bila sababu.

Hata hivyo, hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inatufikisha mahali tofauti. Katika wilaya ambayo uraia wa mtu unaweza kuulizwa kwa sababu ya lafudhi yake ya Kihangaza au Kishubi, ukimya haumlindi mwanafunzi. Anayejua kwamba Bugufi ilidaiwa mbele ya Umoja wa Mataifa na ikabaki Tanganyika ana jibu la kihistoria anapoulizwa yeye ni wa wapi. Asiyejua hana ila kuapa. Ernest Renan, katika mhadhara wake wa mwaka 1882, alidai kwamba kusahau ni sehemu ya kuundwa kwa taifa. Lakini wanaosahau kwa faida ni wale ambao hakuna anayewauliza. Mtu wa mpakani huulizwa, na akisahau huadhibiwa kwa kusahau kwake.

Hoja ya tatu ni kwamba historia ya mahali inaweza kuamsha ukabila. Tahadhari hiyo inahitajika, na dawa yake ni mbinu. Historia ya Rusubi ikisimuliwa kama sifa za ukoo mmoja italeta yale yanayoogopwa. Ikisimuliwa kwa kuuliza ushahidi wake ni upi, nani anausema na nani anaupinga, itamjengea mwanafunzi tabia ya kupima maneno, nayo ndiyo kinga bora dhidi ya mchochezi.

6.0 Kipimo cha Majaji

Kelly Askew (2002) na Laura Edmondson (2007), kila mmoja kwa njia yake, wameonesha kwamba taifa la Tanzania limeundwa jukwaani pia, na kwamba maonyesho hayo hayakuwa amri ya upande mmoja, kwani wasanii na hadhira waliyageuza na kuyajadili. Maoni hayo yanatusaidia kuona kinachopungua katika video za mashindano. Hadhira ya ngoma au ya kwaya huweza kuitikia, kucheka mahali pasipotarajiwa, hata kukataa. Jaji mwenye karatasi ya alama hutafuta yaliyoorodheshwa. Katika mashindano niliyoshiriki, alama zilitolewa kwa ufasaha wa lugha, usahihi wa tarehe, mavazi na ubora wa picha. Hapakuwa na alama hata moja kwa ajili ya chanzo ambacho wanafunzi walikitafuta wenyewe. Kwa kipimo hicho, kuondolewa kwa mazungumzo ya yule mzee hakukupunguza chochote.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonesha kuwa kipimo kinaweza kubadilishwa. Nchini Ujerumani, mashindano ya historia ya wanafunzi yaliyoasisiwa mwaka 1973 kwa juhudi za Rais Gustav Heinemann na mfanyabiashara Kurt Körber yamejengwa juu ya wazo la kuwatuma vijana kuchunguza historia ya mahali wanapoishi. Nchini Marekani, mashindano ya National History Day, yaliyoanzia Cleveland mwaka 1974, hupokea filamu fupi za wanafunzi zisizozidi dakika 10, lakini kila filamu huambatana na orodha ya vyanzo yenye maelezo na andiko fupi linaloeleza jinsi kazi ilivyofanywa. Afrika Kusini ina mpango wa historia simulizi wa shule unaobeba jina la Chifu Albert Luthuli, ambao huwapeleka wanafunzi kwa wazee wa jamii zao. Sina haja ya kudai kwamba mipango hiyo haina dosari. Kinachofaa kuigwa ni kanuni moja: kazi ya mwanafunzi hupimwa pamoja na njia aliyoipitia.

Kwa mazingira ya Ngara na Biharamulo, makala haya yanapendekeza vigezo vitatu ambavyo havihitaji fedha. Kwanza, kila video itumie walau chanzo kimoja ambacho wanafunzi walikitafuta wenyewe, kiwe mzee, jengo, kaburi, picha au barua. Pili, video ioneshe walau jambo moja ambalo vyanzo viwili vinatofautiana, na wanafunzi waeleze kwa nini wameegemea upande mmoja au kwa nini wameshindwa kuegemea. Tatu, mazungumzo yote yaliyorekodiwa yahifadhiwe shuleni, yaliyotumika na yasiyotumika, kwa ridhaa ya waliohojiwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili jinsi umbo la ngonjera linavyoendelea kuishi ndani ya video za wanafunzi, na jinsi kipimo cha mashindano kinavyowafanya walimu na wanafunzi kuyaondoa yale ambayo yangezipa kazi hizo uzito. Hayakusudii kubeza kazi ya wanafunzi. Tukio la kuchanganya udongo katika video ya Ngara ni zuri, na makofi yaliyopigwa yalistahili. Lingekuwa na nguvu zaidi iwapo, kabla ya kumimina, mwanafunzi mmoja angesema udongo ule umechimbwa wapi, ulidaiwa na nani, na umebakije kuwa wetu. Umoja unaoonekana katika chungu kile ungekuwa umepatikana mbele ya macho ya mtazamaji, kwa kujua gharama yake. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zichunguze video za mashindano katika wilaya nyingine za mipakani, na kwamba walimu walezi, ambao ndio wahariri wa kwanza wa historia hii, wahojiwe pia kuhusu yale waliyoyaondoa.